Deni la Abiria

Natumaini mmekwisha kula, watoto wametulia, na mwenye kikohozi amekwisha kohoa, maana maneno yangu ya jioni hii si mengi, lakini yanataka utulivu kidogo. Nataka kuzungumza nanyi habari za jambo ambalo kila mmoja wenu amepata kuliona, walakini ni wachache waliopata kulifikiri hata mwisho wake. Ni wema atendewao mtu na mtu asiyemjua, ndani ya gari la moshi, katika basi, au katika chombo cha majini.

Nasema ni jambo la ajabu, nanyi nisikilizeni kwa nini. Nyumbani, mtu akikutendea wema, sababu yake yaonekana. Huyu ni shangazi yako. Yule shamba lake lapakana na lako. Wa tatu ana kijana mkubwa, nawe una binti, basi salamu zake zimekuwa ndefu siku hizi. Na hata asiye na haja nawe leo, ajua ya kuwa kesho mtakutana kisimani au sokoni, na uso wa jirani haukimbiliki.

Lakini abiria! Abiria aliyeketi karibu nawe hakujui, wala hajui nyumba yenu. Hamkupata kuonana, na yamkini hamtaonana tena. Atashuka Uvinza, nawe utakwenda mbele, na huo ndio mwisho wa habari. Akikunyima maji, hapana mtu atakayemsema kijijini kwake. Akikupa maji, hapana atakayemsifu. Basi, ni kitu gani kimfanyacho akupe?

Kwetu sisi watu wa Kigoma swali hili si la vitabuni tu. Nchi yetu ni nchi ya safari. Mbele yetu ni ziwa la Tanganyika, na nyuma yetu ni reli. Reli ile ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,200. Na kabla ya reli, njia ya misafara itokayo Bagamoyo ilikoma Ujiji, hapo pwani ya ziwa, na mwenye kutaka kwenda mbele alitafuta mtumbwi. Kwa hiyo tangu zamani watu wasiojuana wamekutana kwetu, wamekaa ubavu kwa ubavu, kisha wakaachana. Niruhusuni nianze na habari moja ya zamani hizo.

Ninyi wanafunzi mmesoma habari za David Livingstone, na bila shaka mwajua ya kuwa mwaka 1871 alikutana na Stanley pale Ujiji, mahali palipojengwa ukumbusho. Hayo kila mtoto wa shule ayajua. Lakini nataka niwarudishe nyuma miaka miwili kabla ya hayo. Mwanzo wa mwaka 1869 Livingstone alikuwa safarini kutoka upande wa Kazembe, akija ziwani. Akanyeshewa mvua, akashikwa na ugonjwa wa mapafu, akawa akikohoa damu, hana nguvu hata ya kusimama. Watu wake walikuwa wachache, na safari ilikuwa ndefu bado. Kwa desturi ya njia zile, mtu wa namna hiyo huachwa chini ya mti, na wenzake wakaendelea.

Hakuachwa. Katika njia ile ile alikuwako mfanya biashara mmoja, Mohamad Bogharib, kama Livingstone mwenyewe alivyoliandika jina lake. Bwana huyo akaamuru itengenezwe machila, akaweka watu wa kuipokezana mabegani, akampa mgonjwa dawa, na siku kwa siku akamchukua hata pwani ya ziwa. Huko wakapata mitumbwi, wakavuka, na tarehe 14 Machi 1869 Livingstone akafika Ujiji yu hai. Alitumaini kuikuta mali yake iliyotangulizwa huko, akakuta sehemu kubwa imekwisha ibiwa. Lakini roho yake alikuwa nayo, na roho ile aliiokoa mtu ambaye dini yake si yake, wala taifa lake si lake.

Sasa, wasikilizaji, mimi ni mwalimu, na mwalimu hana ruhusa ya kueleza nusu ya habari na kuficha nusu yake. Mohamad Bogharib alikuwa akifanya biashara ya pembe na ya watumwa. Katika msafara ule ule uliomchukua mgonjwa kwa machila, walikuwako watu waliokwenda kwa miguu bila hiari yao. Livingstone aliichukia biashara hiyo na kuipinga maisha yake yote, na hata hivyo alipona kwa mkono wa mmoja wa wenye kuifanya. Mimi sisemi ya kuwa wema ule ulifuta ubaya huu. La, haukuufuta. Nasema tu kwamba mtu yule aliiona homa ya mmoja, asiyaone machozi ya wengi. Liwekeni neno hilo akilini, maana nitalirudia, na nitakapolirudia sitakuwa nikisema habari za Mohamad Bogharib.

Nitawaambia sasa habari yangu mwenyewe. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, nimekwisha maliza masomo, nami naondoka Kigoma mara ya kwanza katika maisha yangu kwenda chuo cha ualimu. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa, mtu wa maneno machache. Jioni ile alinisindikiza stesheni, akaniwekea sanduku langu chini ya benchi la daraja la tatu, akaniambia mambo matatu: "Garini usile chakula cha mtu usiyemjua. Usimwachie mtu sanduku lako. Wala usimwambie mtu una shilingi ngapi." Halafu akashuka, akasimama mbali kidogo, kama baba wengi wafanyavyo wasipotaka macho yao yaonekane.

Maneno ya baba yalikuwa ya haki. Wako wasafiri waliokula andazi la mtu mkarimu, wakaamka hawana viatu wala fedha. Mimi nikayashika maneno yale kwa nguvu zote. Fedha yangu ya ada nilikuwa nimeifunga katika leso, na leso nimeifunga kiunoni, na kila mtu aliyenitazama mle behewani nilimhesabu kuwa mwizi.

Karibu nami aliketi mama mmoja wa makamo, amevaa khanga zilizofifia rangi, na mbele ya miguu yake kikapu kikubwa cha dagaa wakavu. Alikuwa akienda Nguruka kuwauza. Alinisalimu, nikaitikia kwa adabu, lakini kwa ufupi, kama nilivyofundishwa.

Tulipopita Kazuramimba nikaanza kusikia baridi. Tulipofika Uvinza, wachuuzi wakaja mbio kando ya behewa na taa zao, wanapiga kelele za chumvi na ndizi, na kelele zile nikazisikia kama zinatoka chini ya maji. Meno yakaanza kugongana. Yule mama akanitazama kitambo.

"Mwanangu," akasema, "una homa?"

"Hapana, mama. Ni baridi tu."

"Baridi gani hii iliyokuchagua peke yako? Sisi wengine twatoka jasho."

Watu wakacheka, hata mimi nikataka kucheka, lakini kichwa kilikuwa kikiuma mno. Mama yule akainuka, akaketi sakafuni juu ya kikapu chake, akaniamuru nijinyoshe pale alipokuwa ameketi, akanifunika khanga yake moja. Akamwita mchuuzi dirishani, akanunua chai ya moto, akaniletea. Mimi nikakaza midomo. Yale maneno ya baba yalikuwa yakilia masikioni mwangu kama filimbi ya gari. Nikasema, "Ahsante, mama, sina kiu."

Nadhani alielewa mara moja, maana hakukasirika. Akakiinua kikombe, akanywa yeye kwanza, mafunda mawili, mbele ya watu wote. "Tazama," akasema, "nimekunywa mimi. Sasa tungoje kidogo. Nikifa, wewe usinywe."

Nikanywa.

Usiku ukaenda. Gari likavuka daraja la Malagarasi, nami nilikuwa kama mtu aliye katikati ya ndoto na kuamka. Nakumbuka mkono wake ukinipangusa uso kwa kitambaa cha maji. Nakumbuka sanduku langu likiwa magotini pake, amelikumbatia kama mtoto. Halafu nikasikia watu wakisema, "Nguruka! Nguruka!" na mtu mmoja akamwambia, "Mama, si hapa unaposhuka?"

Hakushuka. Baada ya Nguruka mkaguzi wa tiketi akapita na taa yake, akaitazama tiketi ya mama yule, akasema, "Mama, safari yako imekwisha nyuma huko." Mama akafungua fundo katika pindo la khanga yake, akahesabu shilingi zake polepole, akalipa nauli ya kufika Tabora. Fedha ile, wasikilizaji, nilikuja kuifikiri baadaye. Ilikuwa fedha ya mtu ambaye hajauza dagaa wake bado.

Mzee mmoja aliyeketi upande wa pili akamwuliza, "Huyu ni mwanao?"

"La. Nimemkuta humu humu."

"Mbona basi wajitia hasara?"

Hapo mama akajibu neno ambalo limekaa nami tangu siku ile. Akasema, "Mimi nilishikwa na uchungu wa kuzaa ndani ya meli, nikitoka Karema, katikati ya ziwa, usiku. Mume wangu hakuwapo, wala mama yangu. Mwanamke mmoja nisiyemjua akanishika, akampokea mtoto wangu, akamfunga katika nguo yake mwenyewe. Alfajiri meli ikasimama mahali, akashuka katika ngalawa na watu wengine. Nilikuwa nimelala. Sikumwuliza hata jina. Sasa niambie, mzee: nitamlipa nani?"

Yule mzee hakusema neno. Na mimi nilikuwa mgonjwa, lakini neno lile lilinifikia.

Tulipofika Tabora akanichukua hospitali, akakaa nami hata nikatazamwa na kupigwa sindano. Nikalala. Nilipoamka, jua lilikuwa limekwisha pinduka, na mama yule hakuwapo. Muuguzi akaniambia kwamba amekwenda kungoja gari la kurudi Nguruka. Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda. Leso yangu ilikuwa imefungwa kama nilivyoifunga mwenyewe, na fedha zangu zote zilikuwamo. Juu ya sanduku palikuwa na dagaa waliofungwa katika karatasi.

Mimi sikumwuliza jina, kama vile yeye asivyomwuliza yule wa meli. Mara nyingi baada ya hapo nilipita Nguruka kwa gari la moshi, usiku na mchana, nami kila mara nilitoa kichwa dirishani, nikawatazama wanawake wenye vikapu mmoja mmoja. Sikumwona tena.

Kama habari yangu ingekoma hapa, ingekuwa nzuri, nanyi mngelala kwa raha. Lakini nimeahidi kutoficha nusu. Nitawaeleza jambo ambalo silipendi.

Miaka kadhaa ikapita. Nikawa mwalimu, nina suruali iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni, na watu wananiita "Bwana Mwalimu." Siku moja nilisafiri kwa meli kutoka Kigoma kwenda kusini, upande wa Kipili. Wenye kuijua safari ile wajua jinsi ilivyokuwa. Katika vijiji vingi vya pwani hapakuwa na gati. Meli ilikuwa ikisimama mbali kidogo na kupiga honi, na mara giza lote lilijaa mashua na mitumbwi iliyokuja mbio, wengine wakipanda, wengine wakishuka, huyu akirusha gunia, yule akinyosha mtoto juu, na wote wakipiga kelele. Mimi nilikuwa nimetandika mkeka wangu sitahani, mahali pazuri pasipo na upepo. Kulia nimeweka sanduku, kushoto nimeweka mzigo wa vitabu, ili mtu asinisogelee.

Katikati ya usiku, katika kituo kimoja, akapanda mtu mwenye nguo zilizolowa maji, na mgongoni amefunga mtoto mdogo anayekohoa. Akaangaza huku na huku. Akaja mbele yangu, akasema kwa Kiswahili kilichovunjika, ambacho kilionyesha ya kuwa ametoka ng'ambo, "Bwana, nafasi kidogo. Mtoto."

Nami nikafumba macho, nikajifanya nimelala.

Nilimsikia akisimama pale kitambo. Kisha nikamsikia akiondoka. Akaenda kukaa karibu na kingo ya meli, mahali ambapo maji huruka na upepo hupita. Nilifumbua jicho moja nikamwona. Nikajiambia kwamba mwenye meli atamtafutia mahali. Nikajiambia kwamba vitabu vile ni vya serikali, visije vikalowa. Mtu asiyetaka kutenda wema, wasikilizaji, hapungukiwi na sababu.

Akaja kijana mmoja mchuuzi, umri wake labda miaka kumi na mitano, mwenye magunia ya mahindi. Akayainua magunia yake moja baada ya moja, akayapanga kama ukuta upande wa upepo, akamwonyesha yule mtu akae nyuma yake na mtoto. Yeye mwenyewe akalala nje ya ukuta. Asubuhi mtu yule akashuka na mtoto wake. Mtoto alikuwa hai, namshukuru Mungu. Lakini hakupona kwa ajili yangu.

Nilimwona akiteremka katika mashua, na hapo nikaikumbuka ile khanga iliyofifia. Nikajiona kama mtu aliyekopa fedha, kisha anamwona mwenye haki yake anapita mlangoni, naye anajificha chini ya kitanda. Maana deni langu la Nguruka lilikuwa limekuja usiku ule kudai, nalo lilikuja katika sura nisiyoitazamia. Laiti angekuja mama mwenye kikapu cha dagaa, ningaliinuka upesi. Lakini alikuja mgeni mchafu, asiyejua lugha yangu vizuri, na mimi nikamchagua kwa kumtazama. Niliwaambia ya kuwa Mohamad Bogharib aliiona homa ya mmoja asiyaone machozi ya wengi. Basi, mimi sikuliona hata moja, na lilikuwa mbele ya macho yangu.

Na habari ya kuchagua yanikumbusha jambo lililotukia kwetu mwaka 2015. Mwaka ule palitokea machafuko katika Burundi, na mwezi wa Aprili na Mei watu wengi wakakimbia, wakavuka mpaka, wakafika Kagunga. Kagunga ni kijiji cha wavuvi, kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kaskazini ya Kigoma. Makumi ya maelfu ya watu wakajaa pale ufukoni, hata wageni wakawazidi wenyeji mara kadhaa. Wakalala mchangani. Kisha kipindupindu kikaingia, na watu wakaanza kufa.

Njia ya kuwatoa ilikuwa ziwa. Ikapelekwa meli ya Liemba. Wengi wenu mwaijua habari ya meli hiyo. Waliiunda Wadachi mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa bahari na kwa reli hata Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, ikatumiwa kuwa meli ya vita. Mwaka 1916 wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua kutoka chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza kuchukua abiria. Ndiyo meli hiyo iliyokwenda Kagunga. Hapakuwa na gati, basi wale watu waliletwa kwa mashua, wazee, wagonjwa, wanawake wenye watoto mgongoni, wakapandishwa juu, kiasi cha watu 600 kwa safari moja. Wakafikishwa Kigoma, wakapokelewa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, halafu mabasi yakawachukua hata kambi ya Nyarugusu.

Mimi nafikiri sana habari ya meli hiyo. Chombo kilichopata kutumiwa vitani kilifanya kazi ya machila. Tena katika chombo kile hapakuwa na kuchaguana. Hakuna aliyeulizwa wewe mzuri au mbaya, wajua Kiswahili au hukijui, nguo zako ni safi au zimelowa. Aliyefika kwa mashua alivutwa juu kwa mkono. Nilipowaona watu wale mjini kwetu, kila mtoto aliyefungwa mgongoni nilimwona ni yule yule niliyemfumbia macho.

Sasa nataka kuwaambia mambo matatu, hasa ninyi wanafunzi ambao kesho mtapanda magari kwenda mbali na kwenu.

Jambo la kwanza: wema wa safarini si mambo makubwa. Watu wengi hungoja wawe na mali ndipo wawe wema, lakini waliotangulia walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sogea kidogo. Mlindie mwenzako mzigo anapokwenda kuchota maji. Mshike mtoto wa mama anayepanda ngazi. Na ninyi mjuao kusoma, mna sadaka moja isiyowagharimu kitu. Katika behewa lenu aghalabu yuko bibi kizee asiyejua kusoma, naye ameketi na hofu usiku kucha asije akapita kituo chake. Mwulizeni, "Bibi, washuka wapi?" Halafu msomeeni kibao cha kila stesheni, hata afike. Elimu isiyoweza kumsomea bibi kizee kibao cha stesheni, sijui ni ya nini.

Jambo la pili: msiyatupe maneno ya baba yangu. Wabaya wako, na mwenye akili hujilinda. Lakini kujilinda ni kitu kimoja, na kuwa na moyo mgumu ni kitu kingine. Mama wa Nguruka alinifundisha namna ya kuvitenganisha. Hakunikaripia kwa sababu ya kumshuku. Alikunywa kwanza, mbele ya watu wote. Mwenye kutaka kutenda wema kwa mgeni na autende wazi, watu wakitazama, wala asichukie mgeni akisita. Na mwenye kutendewa atumie macho yake, akiisha kuona hana sababu ya kuogopa, apokee kwa shukrani.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa kwangu. Mithali yetu yasema, tenda wema uende zako. Twaifundisha shuleni kila mwaka, na twadhani tumeielewa. Lakini mithali hiyo imesema na mtendaji tu: yeye atende, aende zake. Je, yule aliyetendewa? Yeye amebaki amesimama, na mkononi ana deni, na mwenye kumdai amekwisha shuka katika kituo alichokipita gari. Afanye nini? Watu wengi huona kwamba deni lisilo na mdai limekufa. La, halijafa. Limehamia kwa abiria anayefuata. Yule mwanamke wa meli alimtendea mama wa Nguruka. Mama wa Nguruka akanilipa mimi. Mimi nikafumba macho, na hapo kamba ikataka kukatika, hata kijana mmoja mwenye magunia ya mahindi akaishika. Pengine na yeye alikuwa na deni lake, sikumwuliza. Naamini ndiyo sababu mtu humpa maji asiyemjua, lile swali nililowauliza mwanzo. Aliwahi kuona kiu, na mtu akampa, na mtu huyo ameshuka.

Sitawaambia mimi nimelipa kiasi gani tangu usiku ule wa Kipili. Mwenye deni anayejisifu kwa kulipa bado hajalijua deni lake.

Neno langu la mwisho si lenu nyote; mtaniwia radhi. Sauti hii yaenda mbali, hufika hata mahali ambapo mguu wangu haufiki. Yamkini inafika Nguruka. Mama yangu, wewe uliyelipa nauli hata Tabora kwa fedha ya dagaa usiowauza, kama ungali hai na unasikia, mimi ndiye yule kijana wa baridi ya peke yake. Nilipona. Nikawa mwalimu. Khanga yako nilikwenda nayo bila kujua, nami nimeitunza. Siwezi kukulipa wewe. Ulisema mwenyewe usiku ule kwamba deni la namna hii halirudi nyuma. Lakini sanduku langu siku hizi naliweka chini ya benchi, na mkeka wangu naukunja nusu.

Kwaherini, wasikilizaji. Mtakaosafiri kesho, safari njema.